KADI NI YA SERIKALI, DENI NI LA KWAKO: Stori ya Kaka Yangu Aliyeko Jeshi la Marekani

Leo hakuna msanii aliyeachwa wala mdada wa mjini aliyenunuliwa gari. Leo tuna kadi. Kadi ya plastiki tu, ile ya kuchanja kwenye mashine, ambayo imeshamshusha cheo jenerali mzima, na kwa upande wetu imefanya ukoo usalimiane kwa shida kwa miezi kadhaa.

Majina kapuni kama kawaida yetu. Jenerali habari zake zilishaandikwa sana na magazeti ya kwao, ila hapa kwetu hatumtaji. Kaka yangu naye nitamwita Sajenti, maana ndicho cheo chake. Ni mtoto wa mama mkubwa, na ameniruhusu niandike ilimradi nisimuweke picha.

Tuanze na mkubwa.

Huyu jenerali alikuwa na nyota tatu begani. Alikuwa msaidizi mkuu wa kijeshi wa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, yaani mtu anayeongozana na waziri kila anapokwenda. Mwaka 2015 wakiwa kwenye safari za kikazi, mzee akatoka usiku kula bata. Seoul, Korea Kusini, alichanja kadi ya serikali klabuni, bili ikasoma zaidi ya dola 1,100. Roma, Italia, kadi yake binafsi ilipogoma, alitembea mpaka hotelini na mfanyakazi wa kike wa ile klabu kwenda kuchukua kadi ya kazi. Hapo tena zaidi ya dola 1,700.

Novemba 2015 akaondolewa kwenye ile nafasi. Oktoba 2016 ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Ulinzi ikatoka, ikaeleza yote, pamoja na kwamba alitoa maelezo ya uongo kuhusu yale matumizi. Mwaka 2017 akastaafu akiwa na nyota moja. Piga hesabu mwenyewe: maisha yote ya jeshi, halafu unapoteza nyota mbili kwa bili zisizofika hata dola 3,000.

Na msidhani yuko peke yake. Mwaka huohuo wa 2015 mkaguzi mkuu alitoa ripoti nyingine iliyoangalia mwaka mmoja tu, kuanzia Julai 2013 mpaka Juni 2014. Walikuta miamala 4,437 ya matumizi binafsi kwenye makasino, jumla zaidi ya dola 950,000. Kwenye kumbi za wacheza uchi ilikuwa miamala 900, zaidi ya dola 96,000. Zote kwa kadi za safari za kikazi!

Mimi niliposoma hizo habari nilicheka kama wewe unavyocheka sasa hivi. Kicheko kiliisha pale kadi hiyohiyo ilipofika kwenye grupu la WhatsApp la familia yetu.

HII KADI IKOJE HASA

Jeshi la Marekani likimtuma mtu safari, halimpi bahasha mkononi kama tulivyozoea kwenye semina zetu. Analipia safari kwa kadi. Mpango mzima unaitwa SmartPay na unasimamiwa na taasisi ya serikali yao inayoitwa GSA. Kwa Wizara ya Ulinzi, kadi zinatolewa na benki ya Citi. Sheria iliyowataka watumishi wa serikali waitumie kwenye safari za kikazi ni ya mwaka 1998.

Inalipia tiketi, hoteli, gari la kukodi na mafuta yake, na chakula ukiwa safarini. Basi. Kikomo cha kawaida ni dola 7,500. Ambaye rekodi yake ya madeni haijakaa vizuri anapewa kadi yenye kikomo cha dola 4,000.

Sasa hapa ndipo wengi tunapopotea. Tukisikia "kadi ya serikali" tunaelewa kwamba serikali inalipa. Hapana jamani. Bili inakuja kwa jina la mwanajeshi mwenyewe, na inatakiwa ilipwe yote kwa mkupuo. Hakuna kulipa kidogo kidogo. Akirudi safarini anapeleka madai yake na risiti, serikali inamrudishia. Lakini benki yenyewe haisubiri stori. Tarehe ya bili ikifika analipa, hata kama serikali bado haijamrudishia senti.

Asipolipa, siku ya 61 tangu bili itoke kadi inafungiwa. Ikifika siku 126 inafutwa kabisa. Baada ya hapo mshahara wenyewe unaweza kukatwa, na mkuu wake wa kazi anakuwa ameshapata taarifa zamani.

Serikali nayo imefungwa kamba yake. Mtu akipeleka madai yaliyokamilika, inatakiwa imlipe ndani ya siku 30. Ikichelewa, inamlipa na nyongeza ya ucheleweshaji. Kwa hiyo ukienda na utaratibu, mfumo unakubeba. Wanaoumia ni wale wanaokaa na risiti kwenye begi mwezi mzima, au wanaochanja pasipotakiwa.

Wadau mnaofanya kazi serikalini hapa Bongo mtaelewa haraka, maana hii ni ndugu yake na masurufu. Unachukua hela ya safari, ukirudi unarejesha kwa risiti. Na wote tunajua ripoti za CAG zinavyosomeka kuhusu masurufu ambayo hayajarejeshwa.

Ambao hamjawahi kushika masurufu, niwaelezee kwa kazi yangu. Mimi mchana nakaa kwenye kibanda cha wakala huku Kimara, blogu naandika usiku. Saa nne asubuhi simu ya kazi inaweza kuwa na milioni tatu, na mfukoni mwangu kuna buku mbili ya mihogo na chai. Washkaji wanapita: "Mwanangu nitupie elfu hamsini kwenye float, jioni narudisha." Jioni ya Dar mnaijua wenyewe. Float ni ya bosi. Ipo kwenye mkono wangu, namba ya siri naijua mimi, ila ikipungua, anayedaiwa ni mimi, mshkaji wala hayumo.

Kadi ya Sajenti ni float. Tofauti ni kwamba bosi wake ana ndege za kivita.

STATUS YA HOTELI

Sajenti aliondoka Bongo kwa bahati nasibu ya green card. Alianzia kubeba maboksi ghalani, baadaye akajiunga na jeshi, maana mwenye green card anaruhusiwa kujiunga kule. Sasa hivi yuko kambi moja huko Texas.

Siku moja alitumwa kozi ya wiki tatu jimbo la Georgia. Akaweka status: kitanda kikubwa, mito minne, taa ya njano. Hakuandika neno. Ndani ya saa moja grupu la familia lilikuwa limewaka.

Mjomba: "Mwanetu unakula bata la serikali!"

Mama mdogo: "Hongera baba. Hiyo kadi haiwezi kumlipia mdogo wako ada ya chuo?"

Sajenti hakujibu kwenye grupu. Alinitumia mimi sauti ya dakika kumi na moja, akasema niwafafanulie kwa lugha ya nyumbani. Nawapa na nyie kwa ufupi.

Kila mji una kiwango chake cha posho. Hoteli inarudishwa kwa risiti na haitakiwi kuvuka kiwango. Chakula kuna hela maalumu ya siku, na siku ya kwanza na ya mwisho ya safari unapewa asilimia 75 tu. Risiti ya hoteli lazima, na matumizi mengine yoyote yanayofika dola 75 nayo yanatakiwa risiti. Akirudi kituoni ana siku tano za kazi za kupeleka madai.

Madai yakipita, hela haiji yote kwake. Sehemu inayodaiwa na benki inakwenda moja kwa moja benki, inayobaki ndiyo inaingia kwenye akaunti yake. Kama umewahi kukopa Songesha unajua: hela ikiingia, deni linajikata lenyewe kabla hujaishika.

Ila kuna kitu kimoja kizuri. Ile posho ya chakula ukila kwa adabu, kinachobaki ni chako halali. Hakuna anayekuuliza. Kwa wiki tatu Sajenti alikula mayai na tambi za maji moto, wenzake wakienda kula nyama choma ya Kizungu kila jioni. Kilichobaki alikituma kupitia simu yangu kikanunue dawa za presha za bibi. Nilizinunua mimi mwenyewe pale Kimara mwisho na kuzipandisha basi la Moshi.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia kaka yangu alikuwa mchoyo. Alijua tu hela ipi ni yake na ipi inapita mkononi mwake.

Nilimuuliza swali ambalo najua na wewe unalo: je, ukichanja kitu chako kidogo, halafu ukalipa bili yote kwa wakati, nani atajua?

Akacheka. Akasema kila kitengo kina mratibu wa kadi ambaye kazi yake ni kupitia miamala ya watu. Anaona ulichanja wapi, siku gani, na kama siku hiyo ulikuwa na amri ya safari. Na kosa ni kosa hata kama umelipa. Kwa mwanajeshi inahesabika kama kukiuka amri, na kifungu cha 92 cha sheria zao za kijeshi kinamhusu. Juu ya hapo kuna kibali cha usalama. Wanaangalia sana mambo ya hela, wakiamini mwenye madeni na mikato ya ajabu ananunulika kirahisi. Kazi ya Sajenti bila kibali haipo.

Niliandika maelezo yote kwenye grupu. Mjomba akaweka dole gumba. Nikadhani tumeelewana.

JUMANNE JIONI

Bibi alifariki Jumanne jioni, hospitali moja Moshi. Mazishi yakapangwa Jumamosi, Rombo, kihambani.

Lazima mjue kwamba Sajenti alilelewa na yule bibi mpaka darasa la saba. Mama yake alikuwa Dar anatafuta maisha. Bibi ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, na ndiye aliyeuza mbuzi akapata kaptula ya shule. Hakuna mtu kwenye ule ukoo aliyekuwa na haki ya kusimama mbele ya jeneza kumzidi yeye.

Na hela hakuwa nayo. Wiki mbili kabla alikuwa ametuma karibu yote aliyokuwa nayo kulipia hospitali. Tiketi ya kuja ghafla kutoka Texas mpaka KIA ilikuwa inasoma zaidi ya dola elfu mbili.

Mjomba akanipigia. Hakuwa na ubaya, alikuwa anatafuta njia. "Mwambie kaka yako atumie ile kadi. Aje azike. Sisi huku tutachanga, tutamrudishia."

Wadau, hebu mkae na hilo swali kidogo. Kadi iko kwenye pochi. Kikomo kinatosha tiketi mara mbili. Ni dakika nne kwenye simu, umeshanunua. Na sababu yenyewe si klabu, ni bibi yako.

Nikampelekea Sajenti ujumbe kama ulivyo. Akanyamaza muda, halafu akaandika: "Siwezi. Nipatie jina la hospitali, jina la daktari na namba yake, na majina kamili ya bibi."

Maana yake ni hii. Mwanajeshi wa Marekani akipata msiba, Msalaba Mwekundu wa kwao ndio unaothibitisha taarifa kwa daktari au hospitali na kuzifikisha kwa wakuu wake. Hapo ndipo ruhusa ya dharura inakwenda haraka. Halafu kuna mfuko unaoitwa Army Emergency Relief, upo tangu mwaka 1942, unawakopesha wanajeshi bila riba kwenye dharura kama hizi. Nauli ya msiba ni mojawapo. Unakatwa kwenye mshahara taratibu.

Nikaandika kwenye grupu: jamani, Sajenti anaomba jina la daktari.

Mama mdogo akajibu kwa herufi kubwa: "ANATAKA UTHIBITISHO KWAMBA MAMA YANGU AMEKUFA?"

Sikuwa na cha kumjibu. Unamwelezaje mtu anayelia kwamba kuna fomu? Nikaacha kibanda, nikaanza kupiga simu Moshi mwenyewe. Daktari alikuwa ametoka zamu. Jumatano mchana ndiyo tukampata. Ukiweka na tofauti ya saa kati ya Moshi na Texas, kila jibu lilikula nusu siku. Alhamisi jioni ya kwao mkopo ukapita. Ijumaa jioni akapanda ndege.

Jumamosi saa nane mchana tulimzika bibi.

Jumapili alfajiri nilikuwa KIA na gari la kuazima. Akatoka na begi moja la mgongoni. Hatukuongea njia nzima. Kufika kihambani, udongo ulikuwa bado mbichi, maua ya jana yameanza kunyauka. Akapiga magoti pale, akakaa.

Alipoinuka kwenda kusalimia wakubwa, mjomba akasema mbele ya watu: "Wenye kadi za serikali wanachelewa kuliko sisi wa basi."

Kuna watu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Sajenti akasema, "Shikamoo mjomba, poleni kwa msiba," akakaa kwenye kiti cha plastiki.

KADI HAIJUI KLABU WALA KABURI

Usiku tulikaa nje wawili. Nikamuuliza kama anajuta. Akasema anajuta kuchelewa, hajuti kukataa. Halafu akasema, "Kule nikichanja ile kadi, hawaandiki kwamba huyu alikuwa anakwenda kumzika bibi. Wanaandika tarehe, kiasi, na kwamba hakuwa na amri ya safari. Mstari wangu ungefanana na wa yule aliyekwenda kasino."

Nimeifikiria sana hiyo kauli. Jenerali alitaka starehe, kaka yangu alitaka kumzika aliyemlea. Kwetu sisi ni mbingu na ardhi. Ila kadi haijui klabu wala kaburi. Kadi ina swali moja tu: umetumwa au hukutumwa? Ukianza kuiruhusu kwa sababu nzuri, umeshajifundisha kwamba sababu ndiyo inayofungua. Na sababu hazijawahi kumuishia mtu mwenye ndugu. Leo msiba, kesho ada, keshokutwa mama anafanyiwa upasuaji. Zote ni za kweli, na zote zingekuwa nzito kuliko bia za Seoul.

Simlaumu mjomba. Kwetu msiba hausubiri fomu, na mtu asipotokea watu hawasahau. Mjomba alitumia kipimo alichokulia nacho. Ila niwape na hesabu moja mpime wenyewe.

Ile "tutachanga tumrudishie" mnaikumbuka? Mkopo wa Sajenti ulipojulikana, nikafungua grupu la kumchangia. Watu thelathini na nne wakaingia. Miezi mitatu baadaye zilikuwa zimepatikana shilingi elfu themanini. Elfu hamsini zilitoka kwa mama mdogo, yuleyule wa herufi kubwa, bila maneno.

Sasa chukulia angechanja kadi. Bili ya dola zaidi ya elfu mbili ingekuja mwezi uleule, yote kwa mkupuo, na serikali isingerudisha hata senti kwa sababu haikumtuma. Sisi tungekuwa na elfu themanini. Kadi ingefungiwa, mratibu angeshaona, mkuu angemuita. Hapo ndipo mtu anapoanza kukopa huku kulipa kule, ile kausha damu ya Kizungu. Kwa mkopo wa ule mfuko, alikatwa kila mwezi kidogo kidogo bila riba. Mwezi uliopita umeisha. Kazi anayo, kibali anacho, na ndiye anayemlipia ada yule mdogo wetu wa chuo, kutoka kwenye mshahara wake.

KWA WADAU MLIOKO HUKO AU MNAOKWENDA

Najua kuna vijana wenye green card mnaosoma hapa na mnafikiria jeshi. Haya nimeyachota kwa Sajenti, hayana gharama:

1. Weka kadi ya kazi mbali na kadi yako. Yeye ya kwake iko kwenye bahasha moja na hati za safari. Haikai kwenye pochi. Ukiwa umelewa au umechanganyikiwa hutaishika kwa bahati mbaya.

2. Risiti piga picha palepale kaunta. Karatasi inafutika, simu inabaki.

3. Peleka madai wiki hiyohiyo uliyorudi. Safari ikiwa ndefu kupita siku 45, unapeleka madai kila baada ya siku 30, usisubiri mpaka mwisho bili zikakuzidi.

4. Usimchanjie mwenzako. "Nilipie chakula nakupa keshi" ni maneno ya kirafiki, lakini kadi ni ya safari yako tu, na muamala unabaki na jina lako.

5. Ukiona serikali inachelewa kukurudishia, sema mapema kwa mratibu wa kadi. Anayenyamaza mpaka siku ya 61 hana wa kumtetea.

6. Jua milango ya dharura kabla ya dharura. Sajenti alikuwa anaujua ule mfuko kwa sababu aliwahi kusoma tangazo ukutani akisubiri foleni. Ungemkuta hajui, pengine angeishika ile bahasha. Na ndugu zako wa nyumbani waachie mapema jina lako kamili, kitengo chako na utaratibu wa Msalaba Mwekundu, ili siku ikifika asiwepo mtu wa kuandika kwa herufi kubwa.

Na nyie mlioko Bongo msijione mko nje ya hii stori. Kuna anayeshika hela ya kikoba, anayeshika sadaka ya kwaya, kondakta anayeshika hesabu ya tajiri, mhasibu wa kamati ya harusi. Wote mna kadi ya serikali mkononi. Inapita kwako, inaonekana kama yako, na siku ikipungua jina linalosomwa ni la kwako.

Nimalizie na mjomba, maana najua mtauliza. Hajaomba radhi na sitegemei aombe, ni mkubwa. Lakini juzi alinipigia, ana kijana wake anataka kujaribu green card. Akaniuliza, "Ile habari ya kadi uliyotuandikia siku ile kwenye grupu, bado unayo? Nitumie tena niisome vizuri."

Nimemtumia.

Haya wadau, zamu yenu. Ungekuwa wewe, Jumanne usiku, kadi iko kwenye bahasha na bibi yuko mochwari, ungefanyaje? Na wewe unashika hela ya nani? Shusha maoni yako hapo chini, matusi tutafuta.